Juma Ikangaa wa Dodoma: Mkimbiaji Baina ya Ridhaa na Ujira

Kiswahili cha michezo kimewagawa wachezaji mafungu mawili kwa maneno mafupi: mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Maneno haya husikika kila siku, hasa katika habari za ngumi na za mpira, wala wasemaji hawayatilii shaka. Lakini kila neno lina historia yake. Ridhaa ni neno lililotoka katika Kiarabu, ndugu wa radhi na ridhia. Maana yake ni ukubali wa moyo usiosukumwa na nguvu. Kulipwa ni kitenzi kilichomo katika kauli ya kutendwa: mlipaji ndiye atendaye, na mchezaji ndiye atendwaye. Kwa mujibu wa sarufi, basi, mchezaji wa ridhaa ni mtu huru, na mchezaji wa kulipwa ni mtu aliye chini ya mkono wa mwingine. Maisha ya Juma Ikangaa, mkimbiaji wa mbio za marathoni aliyezaliwa Dodoma mwaka wa 1957, yanaonyesha kuwa mambo ya dunia hayakuifuata sarufi hii. Mbio zake zilianguka katika miaka ile ambayo mkimbiaji aliacha kukatazwa ujira na akaanza kuupokea hadharani, na kwa sababu hiyo maisha yake ni kipimo kizuri cha maneno yote mawili.

Ubaguzi baina ya mwenye kucheza kwa kupenda na mwenye kucheza kwa fedha haukuzaliwa Afrika. Ulilelewa Uingereza, na mchezo ulioonyesha ubaguzi huo waziwazi ni kriketi. Tangu mwaka wa 1806 yalikuwako mashindano baina ya timu mbili, moja ikiitwa ya Waungwana na nyingine ya Wachezaji. Waungwana walikuwa watu wenye mali au elimu ya juu, wasiopokea mshahara. Wachezaji walikuwa watu wa kazi, waliokodiwa na vyama vya kriketi. Katika viwanja vingi mafungu haya mawili yalivaa nguo katika vyumba mbalimbali na kuingia uwanjani kwa milango mbalimbali. Hata katika karatasi za mchezo muungwana aliandikwa herufi za majina yake mbele ya jina la ukoo, na mchezaji wa kulipwa aliandikwa herufi hizo nyuma. Mambo haya yalifutwa mwishoni mwa mwaka wa 1962. Baada ya hapo kriketi ya Uingereza ilipokea wachezaji wa kulipwa waliozaliwa Afrika Mashariki: Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, aliyeanza kuchezea Nottinghamshire mwaka wa 1966 na kuendelea hata 1985, na John Solanky, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyechezea Glamorgan kuanzia mwaka wa 1972. Watu hao waliupata ujira wa mchezo kwa kuhamia nchi yenye kulipa. Ikangaa aliupata bila kuacha kuwa askari wa nchi yake, na hapo ndipo habari yake inapotofautiana na yao.

Uwanda wa juu wa kati, tokea Mpwapwa kupita Dodoma na Singida hata Tabora, ulikuwa umejua ujira wa miguu kabla ya michezo ya kizungu kufika. Katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Ugogo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua mizigo ya pembe na nguo, aghalabu yapata frasila mbili kila mtu, wakavuka nyika ya Marenga Mkali isiyokuwa na maji mema, wakalipa hongo kwa watemi wa Ugogo, wakaendelea. Kazi hiyo ilikuwa na mapatano yake, ujira wake na posho yake. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, mwenye vazi jekundu na bendera, naye ndiye aliyepima mwendo wa wote. Kwa desturi ya safari mpagazi hakuruhusiwa kumtangulia kirangozi; aliyemtangulia alitozwa faini. Mpagazi aliyelipwa hakuonekana mtu duni kwa sababu ya kulipwa. Kijana wa Unyamwezi aliyewahi kwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Hivyo fikira kwamba fedha huuchafua mwendo wa mtu haina mizizi katika nchi hiyo; ililetwa pamoja na sheria za michezo.

Sheria hizo zilikuwa kali. Shirikisho la Kimataifa la Riadha, lililoundwa mwaka wa 1912, lilitia katika jina lake lenyewe neno lenye maana ya watu wa ridhaa. Paavo Nurmi wa Finland, aliyeshinda nishani tisa za dhahabu katika Olimpiki, alizuiwa kukimbia marathoni ya Los Angeles mwaka wa 1932 kwa kuwa alisemekana amepokea fedha kupita kiasi kilichoruhusiwa cha gharama za safari. Tanzania huru ilizirithi kanuni hizi na kuzipa sababu zake. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1967, nalo likapewa kazi ya kukuza michezo ya ridhaa. Mwaka huohuo ndio uliotangazwa Azimio la Arusha. Si ajabu kwamba katika nchi iliyokataa unyonyaji, mtu kuuza jasho lake uwanjani kwa tajiri mwenye kuandaa mapambano kulionekana kuwa jambo lisilofaa. Michezo ilikuwa sehemu ya ujenzi wa taifa, na mchezaji alikuwa mjumbe wa taifa.

Wajumbe hao walifanya kazi kubwa. John Stephen Akhwari aliumia katika marathoni ya Mexico mwaka wa 1968, lakini alifika mwisho wa safari zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, wala hakukubali kuacha. Filbert Bayi, tarehe 2 Februari, 1974, alikimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, akatangulia tangu mwanzo hata mwisho, na akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Lakini mwaka wa 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Bayi, aliyengojewa na dunia nzima, hakukimbia. Sababu ya kususia ilikuwa ya haki, na wachache waliipinga. Hata hivyo mwanafunzi wa maneno hana budi kuuliza: katika mchezo wa ridhaa, ridhaa ilikuwa ya nani? Hakika ilikuwa ya taifa. Mkimbiaji alitoa miguu, na taifa likatoa ukubali.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Ikangaa. Alikuwa mtu wa kimo kifupi na mwili mwepesi, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jeshi lilikuwa mlezi mkubwa wa riadha, maana lilimpa mkimbiaji vitu viwili ambavyo mkulima au karani hakuvipata: mshahara wa kila mwezi na muda wa kufanya mazoezi. Nchi nyingi za ulimwengu zilitumia njia hiyo ili mtu aishi kwa mbio huku akihesabiwa kuwa wa ridhaa. Mwaka wa 1982 Ikangaa alishinda marathoni ya ubingwa wa Afrika iliyofanywa Cairo. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alikwenda Brisbane, Australia, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Huko yeye na mwenzake Gidamis Shahanga, bingwa wa Jumuiya wa mwaka wa 1978, walitangulia mapema na kuwaacha wengine nyuma sana. Robert de Castella, mwenyeji, aliwafuata polepole, akampita Shahanga, kisha akamfikia Ikangaa katika kilomita za mwisho. Watu hao wawili walipokonyana uongozi mara kadhaa mbele ya umati wa Waaustralia. De Castella alishinda kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18. Ikangaa akafika sekunde 12 baadaye. Kwa mbio hiyo moja jina la mzaliwa wa Dodoma lilijulikana duniani, na namna yake ya kukimbia ikajulikana pamoja nalo: hakungoja nyuma ya mtu.

Mwezi mmoja kabla ya Brisbane, katika mkutano wa Athens, Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilikuwa limelegeza kanuni zake. Mkimbiaji aliruhusiwa kupata fedha kwa mbio, ila fedha hizo ziwekwe katika mfuko wa amana chini ya chama cha nchi yake, naye atoe humo gharama za mazoezi na kupokea baki atakapostaafu. Ulikuwa mlango wa nyuma, lakini ulikuwa mlango. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1984, marathoni ya New York ilianza kutoa zawadi za fedha hadharani. Boston, iliyo kongwe kuliko zote na iliyoanzishwa mwaka wa 1897, ilishikilia taji la majani peke yake hata mwaka wa 1986, ndipo kampuni ya bima ya John Hancock ilipoidhamini na fedha zikatolewa. Wakimbiaji waliokuwa wakiikimbia dunia kwa sifa tu wakaanza kuikimbia kwa riziki.

Ikangaa alipita katika mlango huo akiwa katika ubora wake. Tarehe 4 Desemba, 1983, huko Fukuoka, aliwaburuta Wajapani mbio nzima, hata Toshihiko Seko akampita ndani ya kiwanja chenyewe cha mwisho na kushinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 52. Ikangaa alipungukiwa na sekunde 3 tu. Mwaka huohuo alikuwa ameshinda Melbourne. Mwaka wa 1984 alishinda Tokyo, kisha akawa wa sita katika Olimpiki ya Los Angeles. Mwaka wa 1986 alishinda Tokyo tena, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 10, na mwisho wa mwaka akashinda Fukuoka. Baina ya ushindi huo wa mara mbili, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanywa Edinburgh, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 32 zilizoisusia kwa ajili ya msimamo wa serikali ya Uingereza juu ya Afrika Kusini. Mtu aliyekuwa wa pili Brisbane hakupata nafasi ya kudai ya kwanza. Kisa cha Bayi kilirudi, lakini kwa tofauti moja kubwa: mwaka wa 1976 Bayi hakuwa na mahali pengine pa kwenda penye heshima iliyolingana na Montreal, mwaka wa 1986 Ikangaa alikuwa na Tokyo, Fukuoka na majiji mengine yaliyomwalika yeye mwenyewe kwa jina lake. Ujira, ambao kanuni za zamani ziliuhesabu kuwa utumwa, ulimpa mkimbiaji uhuru ambao ridhaa haikumpa.

Habari za Boston ndizo zilizompa Ikangaa sifa yenye uchungu. Mwaka wa 1988 yeye na Ibrahim Hussein wa Kenya walifika pamoja katika barabara ya mwisho. Hussein alimpita katika hatua za mwisho kabisa, akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43, na Ikangaa akaandikiwa sekunde 44. Baada ya zaidi ya kilomita 42, tofauti ilikuwa sekunde moja. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Mwaka wa 1989 Abebe Mekonnen wa Ethiopia alimtangulia Ikangaa kwa sekunde 50. Mwaka wa 1990 Ikangaa alianza kwa kasi kali mno katika mteremko wa mwanzo, na Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki, akamfikia na kumwacha. Miaka mitatu mfululizo, mara tatu wa pili.

Wapo waliosema kuwa mtu huyu alikimbia bila hesabu. Walisema kuwa mwenye kutangulia huukata upepo kwa ajili ya wenzake, huwapimia mwendo na kuwapunguzia mashaka, kisha wenzake humlipa kwa kumpita mwishoni. Maneno hayo ni kweli kwa upande mmoja. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na Boston inaonekana kuwa ushahidi. Lakini hesabu ya Ikangaa ilikuwa nyingine. Hakuwa na mbio za ghafla za mwisho kama Seko au Hussein. Kama angengoja hata kilomita ya mwisho angekuwa amewachagulia wao silaha. Silaha yake ilikuwa kuwachosha mapema, na silaha hiyo haifanyi kazi ila kwa maandalizi makubwa. Mwenyewe alizoea kuwaambia watu kwamba nia ya kushinda haifai kitu pasipo nia ya kujiandaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ikangaa aliinama katika mazoezi ili asiiname katika mashindano. Hiyo ndiyo maana halisi ya mtu mwenye ufundi wa kazi yake.

Hesabu hiyo ilitimia New York tarehe 5 Novemba, 1989. Ikangaa alikwenda mbele kama desturi yake, na safari hii hapana aliyemfikia. Alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Ken Martin wa Marekani aliyekuwa wa pili alifika zaidi ya dakika moja na nusu baadaye. Muda wa Ikangaa ulivunja rekodi ya njia hiyo iliyowekwa na Alberto Salazar mwaka wa 1981, na rekodi yake ilidumu miaka kumi na miwili, hata Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipoishusha mwaka wa 2001. Katika muda huo wote wakimbiaji bora wa dunia walikuja New York kwa fedha nyingi kuliko alizozikuta Ikangaa, na hapana aliyekwenda upesi kama yeye. Mtu mwenye kudai kuwa fedha pekee ndizo ziletazo mwendo ana deni la kueleza miaka hiyo kumi na miwili.

Basi Ikangaa alikuwa mkimbiaji wa ridhaa au wa kulipwa? Alipokea mshahara, lakini ulikuwa mshahara wa askari, wala haukutoka kwa mwenye mashindano. Alipokea zawadi, lakini alivaa rangi za nchi yake katika Olimpiki tatu, za 1984, 1988 na 1992, ambako mshindi hakulipwa. Alipanda cheo jeshini huku akizunguka majiji ya dunia, na magazeti ya ng'ambo yalimwita Meja Ikangaa kana kwamba cheo ni sehemu ya jina. Nchini mwake baadaye alijulikana kuwa Kanali mstaafu. Hakuna hata moja katika maneno mawili ya Kiswahili linalomwenea. Neno la kale la misafara linamfaa zaidi. Kirangozi alikuwa mtu wa ujira, wala hapana aliyemdharau kwa ujira wake; alitangulia kwa sababu kazi yake ilikuwa kutangulia, na wote waliokuwa nyuma waliufuata mwendo alioupima. Tofauti ni kwamba katika msafara aliyempita kirangozi alitozwa, na katika barabara za Boston alituzwa.

Mwaka wa 2001, mwaka uleule rekodi ya New York ilipovunjwa, Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilibadili jina lake na kulitoa lile neno la watu wa ridhaa lililokuwamo tangu 1912. Jina lilifuata mambo yaliyokuwa yamekwisha kutendeka barabarani kwa miaka karibu ishirini. Ndivyo ilivyo kawaida ya maneno: hufika nyuma ya watu. Kiswahili nacho kingali kinasema wa ridhaa na wa kulipwa, na labda hapana haja ya kuyaacha, ila yafaa mtumiaji ajue kuwa ridhaa ya mchezaji iliweza kuwa ya mwingine, na malipo yake yaliweza kuwa njia ya kuirudisha kwake.

Kazi ya Ikangaa haikukatika naye, ingawa ilikaa muda mrefu bila mrithi wa kadiri yake. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida katika uwanda uleule wa kati, naye pia askari wa Jeshi la Wananchi, alipata nishani ya shaba katika marathoni ya ubingwa wa dunia huko London mwaka wa 2017. Mwezi wa Aprili, 2025, alikuwa wa pili Boston, mahali ambapo Ikangaa alikuwa wa pili mara tatu. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alikimbia ubingwa wa dunia katika jiji la Tokyo, ambako Ikangaa alishinda mara mbili. Hakutangulia kama mzee wake. Alingoja, na katika hatua za mwisho yeye na Mjerumani Amanal Petros walivuka mstari wakiandikiwa muda mmoja wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua, na tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Sekunde ile moja iliyompungukia Ikangaa Boston mwaka wa 1988 ingetosha kugawanywa mara thelathini na zaidi kwa kipimo kilichompa Simbu ushindi. Tanzania ilipata dhahabu hiyo kwa mtu ambaye hakuulizwa na yeyote kama ni wa ridhaa au wa kulipwa.